Pesa ya kujenga inapatikana, ya kukarabati haipatikani: ukumbi na bustani ya kata tunazipangiaje bajeti?

Mwenyekiti Miembeni:

Wakuu habari za saa hizi. Mimi ni mwenyekiti wa mtaa hapa Tabora mjini, kata sitaitaja maana mambo yenyewe bado yapo mezani na sitaki ionekane namsema mtu. Tuliingia kwenye ule uchaguzi wa Novemba 2024 kwahiyo mengi bado najifunza, mnivumilie.

Kata yetu ina shule ya msingi, zahanati, soko dogo, ukumbi wa siku nyingi na kipande cha bustani chenye miembe mikubwa ile ya zamani mnayoijua. Shule na zahanati zinajikongoja ila zinaenda. Ukumbi ndio unaninyima usingizi. Silingi bodi upande wa jukwaa imevimba na ina madoa ya maji, na ukuta wa stoo kuna ule mstari wa udongo wa mchwa umepanda kuanzia sakafuni mpaka umeingia juu kwenye mbao. Na ukumbi wenyewe haukai bure, wikiendi ni harusi, kitchen party, vikao vya vikoba, watu wanalipa kwa kontroo namba (ile namba ya malipo ya serikali) pesa inaenda halmashauri kama mapato mengine yote, utaratibu ndio huo silalamiki. Tatizo kikao cha maendeleo ya kata nikiinua swala la ukarabati nasikilizwa kwa adabu tu alafu tunaulizwa "mradi mpya mnapendekeza nini?" na hapo ndio kila mtu anaamka.

Bustani nayo wazee wanasema matawi makavu ya miembe mvua za Novemba zikianza na ule upepo wake yataua mtu.

Sasa vikao vya kupanga bajeti ya mwaka ujao vinakaribia. Naombeni kujua, hii pesa ya matengenezo inaombwaje mpaka ikatoka? Vyanzo ni vipi zaidi ya kupitisha daftari la michango? Na kama ni kuchagua kimoja nianze na ukumbi au miembe?

---

Mhasibu Mstaafu:

Mwenyekiti karibu kwenye uongozi, pole pia. Nimekaa kwenye ofisi za fedha za halmashauri zaidi ya moja (sio huko kwenu) kwahiyo nikwambie kitu ambacho hakisemwi kwenye kikao.

Bajeti ya halmashauri ina mifuko miwili, matumizi ya kawaida na miradi ya maendeleo. Kujenga kitu kipya kunakaa kwenye maendeleo, kunafuatiliwa, kuna picha, kuna uzinduzi. Kuziba bati, kupaka rangi, kubadilisha kitasa, kunakaa kwenye matumizi ya kawaida, ile sehemu tunayoita OC yaani matumizi mengineyo, na OC humo humo ndio kuna mafuta ya gari, posho za vikao, karatasi, umeme na maji ya ofisi. Sasa we fikiria ikifika mwezi wa pili makusanyo hayajatimia, unadhani watakata mafuta ya gari au watakata ukarabati wa ukumbi wako? Ukarabati hauna mtu wa kuupigia kelele kwasababu ukiahirishwa leo, leo hiyo hiyo hakuna kinachoanguka.

Alafu mapato ya ndani yenyewe yameshagawanywa kabla hujafika. Asilimia 10 inaenda mikopo ya wanawake 4, vijana 4, wenye ulemavu 2. Halmashauri zenye mapato makubwa zimeelekezwa asilimia 60 iende maendeleo na 40 kawaida, ndogo ni kinyume chake. Nia ni nzuri kabisa, zamani pesa yote ilikua inaliwa na uendeshaji. Lakini matokeo yake ukarabati mdogo mdogo unabanwa kwenye kile kifungu chembamba, wakati huo huo majengo mapya yanaongezeka kila mwaka upande wa pili na kila jengo jipya linadai matengenezo yake. Ni kama mtu ananunua bodaboda kila mwaka na hajawahi kuweka hela ya oili.

Kwanini shule na zahanati kwako zina nafuu? Kwasababu zina akaunti zao benki. Zahanati inapelekewa pesa moja kwa moja kituoni tangu mwaka wa fedha 2017/18, shule inapata ruzuku ya uendeshaji, na zina kamati zinazokaa na kuamua tununue kitasa au tuzibe bati. Ukumbi hauna akaunti, hauna kamati, hauna mtu anayeitwa mkuu wa ukumbi. Bustani ndio usiseme.

Kwahiyo ushauri wangu, usiende kuomba "ukarabati wa ukumbi". Hilo ni ombi lisilo na mwili. Nenda na vitu vitatu: jengo lionekane kwenye rejista ya mali za halmashauri (utashangaa yapo majengo hayamo, au yamo bila thamani), uwe na makisio ya mhandisi wa halmashauri yenye sahihi, na uonyeshe ukumbi uliingiza shilingi ngapi mwaka uliopita. Hicho cha tatu ndio silaha. Siku hizi mapato yanapita kwenye mfumo wa TAUSI kwahiyo takwimu zipo, mwombe mtendaji wa kata aziandikie barua. Ukumbi unaoingiza pesa ukifungwa kwa kuvuja ni mapato yamepotea, hapo hata mweka hazina atakua upande wako.

Na omba mambo mawili tofauti usichanganye. Paa na mchwa, yale makubwa, yaandikwe kama mradi wa ukarabati upande wa maendeleo. Yale ya kila mwaka, gata (mifereji ya maji ya bati), rangi, vitasa, taa, yaombewe kifungu cha matengenezo upande wa kawaida hata kama ni kidogo, ilimradi jina la ukumbi litokee kwenye kitabu cha bajeti. Kisichoandikwa kwenye PlanRep, ule mfumo wa kompyuta wa kupangia bajeti za halmashauri, hakipo, utazunguka mpaka viatu viishe.

---

Fundi Ng'ambo:

Mi sijui mambo ya OC najua mbao. Mwenyekiti hayo madoa ya silingi na huo mchwa mimi naona ni ugonjwa mmoja sio miwili.

Huku kwetu Tabora miembe iko juu ya mapaa, majani yanajaa kwenye gata, gata ikiziba maji ya mvua ya kwanza yanarudi nyuma yanapita kwenye fisha bodi, ule ubao wa ukingoni mwa paa, yanaingia kwenye ncha za kenchi, zile mbao kubwa zinazobeba paa. Mbao ikishapata unyevu mchwa anaisikia mbali. We unaona mstari wa udongo ukutani unasema tumepuliza dawa tumemaliza, wakati juu kunavuja na atarudi tu. Nmeona majengo watu wametoa pesa nyingi wamebadilisha silingi bodi nzima nyeupe inang'aa, alafu gata ni ile ile imejaa majani na kuna mche wa mpapai umeota ndani yake.

Fanya hivi kabla hujaandika chochote. Panda darini na tochi na bisibisi. Kila kenchi ichome pale inapokalia ukuta, ncha zote mbili. Bisibisi ikigota mbao nzima, ikizama kama kwenye mkate hiyo imekwisha hata kama kwa nje inaonekana nzuri, mchwa anakula ndani anaacha ganda. Hesabu ni ngapi zimekufa, andika. Angalia papi pia, zile mbao nyembamba zinazopigiliwa bati. Alafu panda juu ya bati uangalie misumari, ile ya mwavuli raba yake ikikauka kwa jua inapasuka na hapo ndio maji yanaingilia, bati lenyewe mara nyingi halina shida. Kubadilisha misumari ya paa zima ni kazi ya siku chache na bei yake ukilinganisha na kuezua ni kichekesho.

Mchwa wenyewe sio wa kupulizia ukutani. Unatoboa sakafu kuzunguka pembeni ya msingi kila baada ya futi moja hivi, unamwaga dawa chini kwenye udongo, unaziba. Na mbao mpya ziingie zikiwa zimeshapitishwa dawa. Oili chafu watu wanapaka, inasaidia kidogo, ila kwenye ukumbi wa watu wengi mimi siipendi, inashika moto na inanuka.

Kuhusu swali lako la mwisho, tawi kavu linatangulia. Paa likivuja watahamisha viti.

---

mnyamwezi_halisi:

Mimi naomba kuuliza na msinikasirikie. Kila nikinunua umeme nakatwa kodi ya jengo. Ilianza 2021 ikawa buku kwa mwezi. Nyumba yangu ya vyumba vitatu. Sasa hiyo ni kodi ya MAJENGO, si ndio ingekarabati majengo na bustani? Alafu mwenyekiti akija na daftari la michango nimwambieje??

---

Mhasibu Mstaafu:

@mnyamwezi_halisi swali la haki kabisa. Jina linadanganya. Ni kodi inayotozwa juu ya jengo lako, sio kodi ya kutunza majengo ya umma. Zamani ilikusanywa na halmashauri zenyewe na ilikua chanzo kizuri kwa miji, 2016 ikahamia TRA, tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, huko mnakonunulia umeme. Halmashauri ina vyanzo vyake vingine, ushuru wa huduma unaotozwa kwenye mauzo ya makampuni, pango la vibanda, leseni, ushuru wa masoko, ushuru wa mazao. Kwahiyo ukimuuliza diwani kodi yangu ya LUKU imefanya nini bustanini ataishia kukodoa macho tu, hana hiyo pesa mkononi.

Kuhusu daftari la michango, mwenyekiti kama inawezekana lifungie kabatini. Mchango wa hiari kwa ajili ya darasa watu wanaelewa. Mchango wa kuziba paa la ukumbi ambao wao wenyewe wanaukodi kwa harusi, watakusema mpaka kwenye mabaraza ya kahawa.

---

Mama Bustani:

Naomba niseme kuhusu miembe maana naona ukumbi umeteka mjadala, wanaume na mabati!!

Mimi nauza chai na vitafunwa karibu na bustani moja ya hapa mjini na nimesomea mambo ya misitu japo ajira sikupata, maisha ndio hayo. Mwenyekiti usiruhusu mtu aje na msumeno akate miembe yote kwa kisingizio cha usalama. Nimeona hiyo sinema. Anakuja mtu anasema miti hatari, inakatwa mpaka mizima, magogo yanaondoka usiku na bustani inabaki uwanja wa vumbi na jua la mwezi wa kumi la Tabora mnalijua, hamtapata hata mbuzi wa kukaa hapo. Miembe ya mji huu imepandwa na watu wa misafara enzi za Unyanyembe, ndio ilikua kivuli cha wapagazi, ukikata mmoja hata ukipanda leo kivuli kile atakikuta mjukuu wako.

Linalotakiwa ni kupunguza. Mwite afisa misitu au wa mazingira wa halmashauri apite nawe mti kwa mti, aweke alama matawi yaliyokufa na yanayoning'inia juu ya njia na mabenchi, hayo yatoke mwezi wa tisa au wa kumi kabla ya mvua. Matawi mazima ya kupunguza mzigo yasubiri mpaka maembe yaishe. Na kama kuna matawi yanagusa nyaya usiguse wewe wala fundi wako, hiyo ni kazi ya TANESCO, andika barua. Kuni zitakazopatikana amueni mapema kwenye mkutano wa mtaa zinaenda wapi, shuleni jikoni au wapi, vinginevyo hizo kuni peke yake zitawagombanisha kuliko bajeti nzima.

Pesa ya bustani sasa. Bustani haihitaji mamilioni kwa mara moja inahitaji mtu. Mtu mmoja wa kufagia, kumwagilia miche kuanzia mwezi wa saba mpaka mvua, kufukuza mbuzi. Halmashauri nyingi zinakodisha kona ya bustani kwa mtu wa mgahawa au juisi na badala ya kodi kubwa anapewa majukumu. Hilo linaweza kufanya kazi ila mkataba uandikwe vizuri jamani. Njia za miguu zibaki wazi, mabenchi ni bure hata kwa asiyenunua soda, choo akisafishe yeye na kiwe wazi kwa wote, asijenge kitu cha tofali, muziki usivuke saa fulani. La sivyo baada ya miaka miwili utakuta ukuta, geti, na kibao "wateja tu". Yani bustani ya umma imekua baa ya mtu na huwezi kumtoa ana mkataba.

Njia nyingine TASAF, ile ajira za muda kwa kaya maskini, kazi za kupanda miti na kuchimba mitaro zinaingia humo. Ongea na mratibu mapema mana nao wana ratiba yao.

---

kijana_wa_Cheyo:

Naongezea tu kwa wanaopenda hesabu. Kuna ripoti ya Marekani ya 1990 ya baraza lao la utafiti, National Research Council, ilisema majengo ya umma yatengewe kila mwaka asilimia 2 mpaka 4 ya gharama ya kuyajenga upya kwa bei ya sasa, kwa matengenezo ya kawaida. Mpaka leo wahandisi wanaitumia. Tuchukulie kwa mfano ukumbi wa mwenyekiti kuujenga upya leo ni milioni 150. Asilimia 2 ni milioni 3 kwa mwaka, yaani 250,000 kwa mwezi. Harusi ngapi hizo mwenyekiti?

Na huko Seattle 2014 wananchi walipiga kura wakaanzisha mamlaka maalum ya bustani inayotoza kodi yake yenyewe kwenye majengo, pesa inaenda bustani tu na vituo vya jamii, sehemu kubwa ni kulipia matengenezo waliyokua wameahirisha miaka na miaka. Kumbe hata wenye pesa walikua wanaahirisha.

---

mnyamwezi_halisi:

Seattle tena. Sisi tuna stesheni ya Mjerumani, reli ilifika hapa 1912 na jengo bado linapokea abiria. Ukumbi wa juzi unavuja. Watu watasema Mjerumani alijua kujenga, mi nasema jengo lisipoangaliwa halichagui kabila la aliyelijenga. Ila hiyo hesabu ya 250,000 nimeipenda, hiyo hata mimi naielewa.

---

Mwenyekiti Miembeni:

Asanteni sana wakuu, yaani nimepata shule hapa. Mama Bustani hilo la kuni ungejua, tayari kuna watu wawili wameshaniuliza "mwenyekiti yale magogo vipi" na tawi halijakatwa hata moja.

Nimeuliza kuhusu mapato ya ukumbi, mtendaji amekubali kuandika barua. Ila nina swali la nyongeza kwa mzee wetu mhasibu. Wajumbe wengine wanasema rahisi tu, tuunde kamati ya ukumbi, wakodishaji walipe kwa kamati, tukusanye wenyewe tukarabati wenyewe bila kusumbua mtu. Inavutia lakini moyo wangu unasita. Na wengine wanasema tukimbilie mfuko wa jimbo.

---

Mhasibu Mstaafu:

Moyo wako una akili mwenyekiti, usikubali hilo la kwanza. Ukumbi ni mali ya halmashauri, pesa ya umma ikipokelewa mkononi bila kontroo namba ni kosa, mkaguzi akija haulizi kama mlinunua misumari ya kweli, anauliza pesa ilipita wapi. Mtaharibikiwa watu wazima kwa nia njema. Kamati iundeni, lakini ya usimamizi, wakague jengo, washike daftari la kasoro, wasiguse pesa. Alafu kupitia diwani ombeni baraza la madiwani liazimie kwamba sehemu fulani ya mapato ya ukumbi irudi kwenye kifungu cha matengenezo ya ukumbi huo huo. Hilo ni azimio, lina mhutasari, lina namba, mwaka kesho mnalirejea. Diwani mwambie atangulie kuongea na wenzake wa kamati ya fedha kabla ya kikao maana kila diwani ana ukumbi wake au soko lake na wakiona wewe peke yako unapata watakukatia. Mkienda kata tatu nne kwa pamoja mnapita.

Mfuko wa jimbo upo kisheria tangu 2009 na mwenyekiti wa kamati yake ni mbunge. Unafaa kwa kitu cha mara moja, bati, mbao, saruji, na mnachangia nguvu kazi. Mradi uibuliwe kwenye mtaa, upite kwenye kata, kwahiyo mhutasari wa mkutano wa wakazi lazima uwepo na sahihi. Kwa matengenezo ya kila mwaka usiutegemee, mwakani kuna kata nyingine kwenye foleni.

Ratiba usiichezee. Mkutano wa mtaa na kikao cha kata viishe kabla ya Desemba, baraza linapitisha makisio kwenye Januari Februari hivi, pesa inaanza kuhesabika Julai mosi. Ukileta hoja mwezi wa tatu umechelewa mwaka mzima. Kwa matawi ya miembe usisubiri bajeti mpya, hiyo ni hatari, mwandikie mkurugenzi barua sasa hivi uambatanishe picha na nakala kwa diwani. Barua ikishapokelewa kwa mhuri, tawi likianguka kuna anayejibu.

---

Fundi Ng'ambo:

Makisio ya mhandisi ni sawa ila mhandisi mmoja ana kata nyingi, akija bila maandalizi atasimama chini aangalie juu aandike "kuezua upya" na hiyo bei itawatisha wote kikao kife. Ukiwa na karatasi ya kenchi ngapi mbovu na zipi, atakagua hizo hizo ataandika kazi ndogo inayolipika. Ikipita wafanye kwa fosi akaunti, yaani bila mkandarasi, vifaa vinunuliwe kwa utaratibu wao kwenye mfumo, ufundi wapewe mafundi wa hapa hapa, mhandisi asimamie. Na bati wakibadilisha machache yasiwe geji 32 zile za kubonyea kwa kidole, chukueni 28 ambazo ni nene zaidi.

Mwenyekiti nitumie ujumbe pembeni. Mimi Jumamosi asubuhi nipo huru, tupande darini mapema kabla bati halijashika moto, njoo na mtendaji na kijana mmoja mwepesi wa kushika ngazi. Hela ya ukaguzi sitaki ila dawa ya mchwa mtanunua wenyewe na risiti iwe ya EFD mzee mhasibu asije akatupigia kelele hapa.